Mwaka Uliotaka Tuuchonge

Skår, Hardanger,
Norwei.
14 Aprili 1929.

Mpendwa mdogo wangu Torgeir,

Pokea salamu zangu, za Mons shemeji yako, na za wote tuliobaki hapa Skår, ambao siku hizi tunatosha kwenye benchi moja. Hujambo wewe? Hawajambo Edith na watoto? Na lile goti lako lililokuwa likikutesa wakati wa baridi, limepata nafuu? Sisi afya tunayo. Mons anakohoa asubuhi, lakini amekuwa akikohoa hivyo tangu nimjue, kwa hiyo hiyo si habari.

Majira ya kuchipua yamechelewa mwaka huu. Theluji bado imelala mpaka kwenye ukuta wa bustani ya matofaa, na kondoo wawili wamezalia ndani kwa kuwa nje hakukaliki. Yule ng'ombe mwekundu aliyependwa na mama amekauka maziwa tangu Februari. Mons anasema ni uzee tu. Mimi naona kuna zaidi ya uzee.

Leo ni Jumapili na sikwenda kanisani. Nimemwambia Mons atangulie peke yake, maana Mchungaji Falkanger akiniona ataniuliza nimekujibu nini, nami nilikuwa sijakujibu. Barua yako ilifika Jumatano baada ya Pasaka. Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilifurahi hadi nikaketi, kwa sababu macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye maneno kwamba unakuja Julai. Mara tatu zilizofuata sikufurahi hata kidogo.

Unakuja, baada ya miaka ishirini na minne. Umeandika utafuatana na bwana wa gazeti anayeandika kitabu cha maisha yako, pamoja na mpiga picha. Wanataka kuiona nyumba ulimozaliwa, na mteremko uliojifunzia kukimbia, na kaburi la mama. Umeniomba niitafute ile kamba, upigwe picha nayo. Halafu chini kabisa, baada ya salamu, kama mtu aliyekumbuka kuagiza sukari, umeomba jiwe la mama liandikwe kwamba alifariki mwaka 1924. Umesema ni tarakimu moja tu, wala hakuna atakayeumia.

Torgeir, mama amekufa Jumanne tarehe 19 Februari mwaka huu, saa nne asubuhi, nikiwa nimemkinga mgongo kwa mkono wangu. Nilikupelekea telegramu siku ileile. Kwa hiyo kabla sijakujibu kuhusu tarakimu yako, nitayapanga mambo yote upya tangu mwanzo, maana naona huko uliko umeshaanza kuiamini hadithi yako mwenyewe.

Nianze na hiyo kamba. Baba alianguka kutoka kwenye lile jabali la juu akikata majani ya ng'ombe, ukiwa na miaka minne. Tulimkuta chini karibu na maji. Kuanzia wiki ile mama alikufunga kamba kiunoni kila alipotoka kwenda kukata majani, akaifunga upande wa pili kwenye kitasa cha mlango wa ghala, nawe ulikuwa ukikimbia mpaka inapoishia, unavutwa, unaanguka, unainuka, unakimbia tena. Ulikuwa ukitutukana sote. Mimi nilikuwa na miaka kumi na kazi yangu ilikuwa kukagua fundo. Watoto wa Nes, ng'ambo ya ghuba, walikuwa wakikuita kwa jina la mama, mbuzi wa Gyrid, nawe ulikuwa ukiwarushia mawe, na kwa jinsi ulivyokuwa na shabaha hawakurudia mara nyingi.

Mama hakuwa akiliongelea jambo hilo. Aliona aibu kumfunga mtoto, lakini alikuwa na mashamba manne yaliyokaa kama paa la nyumba, na mikono miwili tu.

Ulipoondoka mwaka 1905 kwenda kwa ami Amund kule Wisconsin, ulikuwa na miaka kumi na saba na sanduku ambalo Mons alilipigilia misumari. Mama alikusindikiza mpaka gatini. Hakulia. Alirudi juu, akakuta mimi nalia, akaniambia, "Hebu nyamaza wewe, maziwa yatachacha." Kisha akaenda kwenye ghala akakaa humo kutwa nzima, na maziwa yalichacha kweli.

Barua zako za miaka ile ya kiwanda cha mbao zilikuwa nzuri. Ulikuwa ukiandika kuhusu vidole vyako, kuhusu supu ya ami Amund isiyo na nyama, kuhusu mtu mmoja aliyelala akiwa amesimama. Tulicheka. Kisha ukaenda chuoni mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu, ukakaa darasani na watoto wa matajiri, wakakuchukua kwenye ule mpira wenu wa umbo la yai unaobebwa mkononi kwa sababu hukuwa ukiangushika. Ukacheza, ukamaliza, ukafanywa kocha. Hapo ndipo vipande vya magazeti vilipoanza kuja na barua zikaanza kuwa fupi.

Sisemi kwamba hatukujivunia. Ile picha yako ukiwa umebebwa mabegani na wavulana wenye kofia za ngozi ilitundikwa na mama juu ya meza, mahali palipokuwa na kioo. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa. Siku ya kwanza mama aliitazama kwa muda mrefu akaniuliza, "Mbona wanambeba? Ameumia mguu?" Nikamwambia wanambeba kwa sababu ameshinda. Akasema, "Aliyeshinda si anaweza kutembea?" Mons alicheka mpaka akakohoa. Lakini mama aliifuta vumbi picha ile kila Jumamosi.

Sasa nakuja kwenye ule mwezi wa Novemba wa 1924, na wewe unajua nakwenda wapi.

Hatukusikia kwako. Hatukusikia hata kwenye gazeti. Tulisikia kwa uji. Poromoko la theluji lilishuka wiki ya kwanza ya Januari ya 1925 likafunika njia yote kutoka gatini mpaka kwetu, tukakaa wiki nane bila kuona uso wa mtu mwingine. Kumbe Sigvald, mtoto wa ami Amund, alikuwa amemwandikia Jorunn wa Nes barua ya kutoa pole kwa msiba wa Gyrid wa Skår. Alimwandikia Jorunn badala yetu kwa vile hakutaka barua yake itukute katikati ya majonzi. Jorunn alipoisoma, kutuona hakutuona, na njia haipitiki. Akajua kama ambavyo mtu yeyote wa huku angejua, kwamba maiti iko ghalani kwenye baridi, nasi tunasubiri njia ifunguke tuzike.

Basi njia ilipofunguka mwezi wa Machi, walivuka ghuba kwa mashua mbili, watu kumi na mmoja, wamevaa nyeusi. Wanaume walileta matawi ya misonobari wakayatandaza kutoka gatini mpaka mlangoni kwetu, kama inavyotandazwa njia ya jeneza. Wanawake walibeba zile ndoo zao za mbao zilizochorwa maua, zimejaa uji wa krimu, siagi ikielea juu. Mimi nilikuwa zizini nikisikia tu viatu vingi kwenye theluji. Mama ndiye aliyefungua mlango, ana shoka mkononi, alikuwa akipasua barafu ya kizingitini.

Walisimama. Mama akayatazama yale matawi mpaka chini gatini, akazitazama ndoo, akauliza, "Nani amekufa?"

Jorunn unamjua, hajawahi kukosa jibu maishani mwake. Safari hii aliweka ndoo yake chini kwanza, ndipo akajibu. "Wewe, Gyrid."

Mama akasogea pembeni akaacha mlango wazi. "Basi ingieni," akasema, "uji usije ukapoa."

Wakaingia wakala. Wangefanya nini? Uji ulikuwa umepikwa. Mama alikaa kichwani mwa meza akala mabakuli mawili ya matanga yake mwenyewe, akamsifu Jorunn kwa siagi. Wanaume walikuwa hawajui waimbe au wasiimbe. Mons alimuuliza kaka yake Jorunn kama ukuta wa banda lao la mashua umetengenezwa, wakazungumzia ukuta kwa saa nzima kana kwamba hakuna jambo jingine duniani.

Baada ya kula, mama akasema asomewe hiyo barua ya Sigvald. Jorunn hakutaka. Alisema ameisahau nyumbani, huku kona yake imechungulia mfukoni mwa aproni. Mama akanyoosha mkono tu.

Kwa hiyo ilisomwa mbele ya watu wote. Ilisomwa jinsi wavulana wako walivyokuwa nyuma kumi na tatu kwa sifuri wakati wa mapumziko, na jinsi ulivyoingia katika chumba cha kubadilishia nguo, ukawaambia umepokea telegramu kwamba mama yako amefariki Norwei. Ukawaeleza habari za kamba. Ukawaambia neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Waambie wavulana wako waishike kamba." Wakalia wote, wakatoka, wakashinda kumi na nne kwa kumi na tatu. Sigvald aliandika kwamba nchi nzima imesoma habari hizo, kwamba maneno yale yameandikwa ukutani kwenye chumba chenu kwa herufi kubwa, na kwamba yeye mwenyewe alilia barabarani na gazeti mkononi.

Nilimtazama mama. Nilitaka akasirike. Alikuwa akikwangua siagi kwenye bakuli. "Wamekosea magazetini," akasema. "Torgeir amesema mama wa mtu mwingine." Watu wakaitikia haraka haraka, ndiyo, ndiyo, magazeti haya. Ila alipokuwa akiwasindikiza, alimshika Jorunn mkono akamwambia, "Kuhusu kamba, huyo hakuwa mama wa mtu mwingine." Jorunn alinieleza hayo baadaye.

Nilikuandikia wiki ileile, na jibu lako bado ninalo. Uliandika kwamba wavulana walikuwa wamekata tamaa, na neno likakutoka lenyewe, na kesho yake likawa magazetini na hukuweza kulirudisha. Uliandika kwamba umeona aibu na kwamba utakuja majira ya joto kumwomba radhi kwa mdomo wako mwenyewe. Hilo nililiamini. Nilimwambia mama unakuja.

Sasa nitakueleza jinsi mtu anavyosubiri, kwa sababu kwenye kitabu chako haitaandikwa. Juni ya 1925 mama alisugua sakafu ya chumba cha juu kwa mchanga, akiwa na miaka sabini na mitano, amepiga magoti, hataki nimsaidie. Akalitandika lile blanketi la harusi yake. Ukaandika kuna kambi ya mazoezi. Juni ya 1926 alisugua tena. Ukaandika kuna uwanja mpya unajengwa na bila wewe hakuna kitakachokwenda. Juni ya 1927 alisugua, na safari hiyo nilimsikia akihema kutoka jikoni. Ukaandika umealikwa kuhutubia miji kumi na minane. Kuhutubia nini, Torgeir? Kamba?

Nami nina uongo wangu, nitausema, ili usidhani nimejiweka juu ya wengine. Barua zako zilipokuwa fupi nilikuwa nikiziongeza. Nilikuwa nikimsomea mama maneno ambayo hukuyaandika. Nilisoma kwamba unauliza miguu yake, kwamba umeota umelala chumba cha juu unasikia maji, kwamba hakuna mikate mikavu Amerika yote inayofanana na ya kwake. Nilifanya hivyo miaka mitatu, na nilijiona mwerevu sana. Siku moja mama alinyanyua soksi aliyokuwa akifuma akaniambia, "Herborg, barua ya ukurasa mmoja inasomwaje mpaka mtu amalize soksi nzima na kisigino chake?" Nikakosa pa kuficha uso. Akaniambia niendelee tu, sauti yangu inampa mwendo mzuri wa kufuma.

Juni iliyopita hakusugua sakafu. Tulikuwa nje tunawanyoa kondoo, yeye amewashika, mimi nina mkasi. Nikamuuliza kama nimchotee mchanga. Akasema hapana, hatakuja.

Nikasema, "Ana kazi nyingi, mama. Unajua mambo ya vyuo."

"Hana kazi," akasema. "Mimi ndiye ninayemzuia. Atakujaje kumwamkia mtu aliyekwisha kumzika? Wakimwona ameketi na mimi si atakuwa mwongo mbele ya watoto wa watu? Ananingoja."

Nilimkatalia. Nilisema maneno mengi, hata sijui niliyatoa wapi. Alimgeuza kondoo upande wa pili akaniambia nisimkate mnyama kwa hasira. Hakulia na sauti haikubadilika, na hilo ndilo lililoniuma mpaka leo. Alikuwa ameshalifikiria siku nyingi akalizoea.

Nimekuwa nikikuchukia tangu siku ile ya kondoo. Nimelisema. Si kila siku, na kuna siku naiona ile picha ukutani na kumbe bado ni yule mtoto anayekimbia mpaka kamba inamvuta, na moyo unalegea. Lakini siku nyingi nimekuchukia.

Alianza kukohoa Januari. Wiki ya pili ya Februari akaacha kuinuka. Ulipata telegramu yangu ya kwanza kwamba anaumwa sana, najua uliipata kwa sababu ulijibu: "Mpeni kila anachohitaji." Tulimpa. Kulikuwa na kitu kimoja ambacho hatukuwa nacho.

Alipofariki, Mons alizunguka nyumba kwa nyumba kualika watu mazikoni kama ilivyo desturi. Alipofika Nes, Jorunn alimwacha amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Safari hii ni kweli?" akamuuliza. Mons, mtu mzima mwenye mvi, alilazimika kuapa kwamba mama mkwe wake amekufa. Hata hivyo Jorunn alimtuma binti yake avuke kwanza aje aangalie kwa macho yake, ndipo akaweka krimu jikoni. Simlaumu. Angekuwa mjinga kubeba uji mara mbili. Lakini mtoto wa watu alisimama juu ya mama yangu akimchungulia kama anakagua samaki sokoni, akasema ndiyo, kisha akaona haya akaanza kulia. Hayo ni matunda ya hotuba yako pia. Waambie waandike ukutani, pana nafasi chini ya yale maneno mengine.

Sasa jibu.

Kamba huwezi kupigwa picha nayo. Njia ilikuwa barafu tupu, na jeneza halikuweza kubebwa mabegani kwenye mteremko ule. Mons alilifunga kwenye sleji ya kuburutia majani, na kamba iliyokuwa karibu, kavu na imara, ilikuwa ileile kwenye msumari wa ghala. Ndiyo iliyomzuia mama asiteleze mpaka chini gatini. Makaburini wakamteremshia hiyohiyo, na walipotaka kuivuta niliwaambia waiache. Iko chini pamoja naye.

Mwaka wa jiwe ni 1929. Mons amekwisha kuuchonga. Nilimsimamia na tindo yake, nikamwambia ile tisa ya mwisho aiingize ndani kuliko tarakimu zote, mpaka kidole kizame. Umesema hakuna atakayeumia. Mama aliishi ile miaka minne na miezi mitatu unayotaka tuifute. Alifuma soksi, alisugua sakafu mara tatu, alizalisha kondoo, alikula uji wake mwenyewe wa matanga, alikungoja. Nikikubali tarakimu yako nitakuwa nimesema hakuna aliyengoja.

Mchungaji Falkanger nimemweleza. Amesema kitabu cha kanisa kina tarehe yake na hakibadilishwi kwa ajili ya mchezo. Watu wa Nes sikuwaambia lolote, wala sitawafundisha cha kusema. Bwana wa gazeti akimuuliza Jorunn, Jorunn atamjibu, na unajua jinsi Jorunn anavyojibu.

Hata hivyo chumba cha juu ni chako. Njoo na watu wako wa picha au njoo peke yako, nitakupikia na nitakutandikia. Nitaisugua mwenyewe sakafu ile. Sitakuaibisha mezani mbele ya wageni. Lakini mkifika makaburini, nitasimama kando ya jiwe, na utakalowaambia utawaambia nami nikiwa hapo.

Msalimie sana Edith, ambaye sijawahi kumwona na simlaumu kwa lolote. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mfikishie Sigvald salamu, na mwambie kwamba machozi yake ya barabarani hayakupotea, yalikuwa tu ya mapema. Mons anakusalimu na anauliza kama lile sanduku bado lina misumari. Mungu akulinde baharini, akufikishe salama, na akupe siku moja ya kukaa kimya bila mtu wa kukupigia makofi.

Nilikusudia kuishia hapo. Lakini umewapa wavulana wako neno la mwisho la mama, na ni neno zuri, nakubali, lingeweza kuwa lake. Si haki wewe mwenyewe ukose la kweli. Asubuhi ile nilikuwa nikimpa uji kwa kijiko. Nikamuuliza, "Mama, nimwandikie nini Torgeir?" Aliumeza kwanza ule uliokuwa mdomoni, maana hakupenda kuongea na chakula. Kisha akasema:

"Mwandikie sasa anaweza kuja."

Mimi dada yako, niliyekuwa nikikagua fundo, na ninayekupenda ingawa sijakusamehe,

Herborg